Mrejesho: Pikipiki ya majini imewaka, kosa lilikuwa waya mmoja mwembamba

Wakuu, niliwauliza kwa nini pikipiki yangu ya majini, huku Nungwi, ilikufa kabisa baada ya kubadilisha solenoidi ya stata, yaani kile kifaa kinachounganisha umeme wa betri na mota ya kuwashia injini: taa hakuna, mlio hakuna, na betri inasoma volti 12.6. Jana jioni imewaka. Nimefurahi mno.

Aliyesema nifuatilie waya mwekundu mwembamba alipatia. Solenoidi ina nguzo mbili nene. Moja inapokea waya mnene wa chanya kutoka kwenye betri, nyingine inapeleka moto kwenye stata. Ule mwembamba unaokwenda kwenye fyuzi kuu lazima ukae upande wa betri. Mimi niliufunga upande wa stata, kwa hiyo swichi haikupata umeme mpaka solenoidi ishike, na solenoidi haiwezi kushika bila swichi. Siku mbili nzima nilikuwa nazunguka hapo hapo!

Wakati wa kufungua nikaona na jingine: kichwa cha waya wa ethi (ule wa hasi) kimeota ukoga wa kijani kwa sababu ya chumvi. Nikakikwangua kwa msasa mpaka shaba ikang'aa, nikakaza nati, nikapaka grisi.

Kubonyeza tu, solenoidi ikalia "tak!" na injini ikashika. Nikaizima haraka, maana ilikuwa nchi kavu na injini ile hupozwa na maji ya bahari. Asanteni sana, ndugu zangu. Kesho naishusha majini, na wateja wa Jumamosi nimeshawapigia simu.