Mike Fiers, shujaa au msaliti? Siri za chumba cha wachezaji zilindwe hata zikiwa za wizi?

Mtoa mada

Wakuu, habari za jioni. Naleta hoja ambayo mashabiki wa besiboli Marekani wanaibishania tangu mwishoni mwa 2019: mrushaji Mike Fiers alifanya sawa kufichua wizi wa timu yake ya zamani, Houston Astros? Kila nikisoma maoni yao naona bado watu hawajaelewana.

Kwa wasioufuatilia mchezo huu: mdakaji humwonyesha mrushaji wa timu yake kwa vidole aina ya mpira anaotaka urushwe, wa kasi au wa kupinda. Mpigaji akijua mapema unakuja upi, kazi yake inapungua sana. Mchezaji wa timu inayopiga aliyefika kituo cha pili akizisoma ishara zile kwa macho yake mwenyewe, ni ruksa. Kutumia kamera ni marufuku.

Msimu wa 2017 Houston Astros walitumia kamera ya upande wa mbali wa uwanja, picha ikaletwa hadi kwenye skrini iliyofungwa ukutani katika ujia ulio nyuma ya benchi lao. Wachezaji walikaa pale wakisoma ishara za wapinzani. Wakishazing'amua, mmoja anagonga pipa la taka kwa gongo. Pipa likilia, mpigaji anajua mpira wa kupinda unakuja. Likinyamaza, ni wa kasi. Mwaka huohuo wakawafunga Los Angeles Dodgers katika fainali ya michezo saba na kuchukua ubingwa.

Siri ilikaa miaka miwili. Tarehe 12 Novemba 2019 mrushaji Mike Fiers, aliyekuwa Houston msimu ule na wakati huo yuko Oakland, aliwaeleza waandishi wa The Athletic, tovuti ya habari za michezo, mambo yote na akakubali jina lake liandikwe. Januari 2020 ligi ikatoa matokeo ya uchunguzi: faini ya dola milioni 5, nafasi za kuchagua vijana wapya zikachukuliwa, kocha A.J. Hinch na meneja mkuu Jeff Luhnow wakafungiwa mwaka mzima na kufukuzwa kazi siku hiyohiyo. Alex Cora, aliyekuwa msaidizi wa Hinch 2017, akaondoka Boston alikokuwa kocha. Carlos Beltrán, mchezaji wa Astros 2017 aliyekuwa ameteuliwa kocha wa New York Mets, akaachana nao kabla hajaiongoza timu hiyo katika mchezo hata mmoja. Wachezaji hawakuadhibiwa kabisa, kwa sababu walipewa kinga ili waseme ukweli.

Na aliyeshambuliwa kuliko wote? Fiers. David Ortiz, gwiji wa Boston, alimsema hadharani kwamba amewachomea utambi wenzake.

Msimamo wangu: Fiers alifanya jambo sahihi, na sababu yangu ina jina, Mike Bolsinger. Huyu alikuwa mrushaji wa Toronto. Tarehe 4 Agosti 2017 aliingia uwanjani Houston, akamtoa mpigaji mmoja tu na kuruhusu pointi nne. Shabiki mmoja wa Astros wenyewe alikaa baadaye akasikiliza video za michezo ya nyumbani na kuhesabu milio ya pipa. Kati ya michezo aliyoisikiliza, huo wa Agosti 4 ndio uliokuwa na milio mingi kuliko yote, 54. Bolsinger hakurusha tena mpira katika ligi kuu. Alikwenda kucheza Japani. Kwa hiyo mtu akiniambia "mambo ya chumbani yabaki chumbani", mimi namuuliza Bolsinger alikosa nini.

Naomba hoja, si matusi.

Mchangiaji, Mwanza

Mkuu, umeandika vizuri ila umemwonea huruma mtu mmoja na kumsahau mwingine. Fiers alikuwa ndani. Alivaa jezi ileile na ubingwa ukahesabiwa kwake pia. Pipa lilipokuwa linalia hakusema. Akaachwa na timu mwishoni mwa 2017, akaenda Detroit, akaenda Oakland, ndipo mdomo ukafunguka. Pedro Martínez, ambaye si mtu mdogo katika mchezo ule, alisema kwamba Fiers angeongea akiwa bado Houston angemwita mtu jasiri. Mimi niko na Pedro.

Tena tuelewe chumba cha wachezaji ni kitu gani kwao. Msimu wa kawaida una michezo 162, na wanakutana humo karibu kila siku kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli. Humo mtu analia kwa kuwa ndoa inavunjika, humo mtu anaficha bega linalouma asipoteze namba. Ukishaingiza desturi ya kutoa ya ndani nje, hakuna atakayemwambia mwenzake neno. Hata kwenye soka letu, kambi ikianza kuvuja, timu imekwisha.

Mchangiaji, Nairobi

Hapo naona unachanganya vitu viwili. Bega la mtu na ndoa ya mtu ni yake. Skrini ukutani ni ya umma, kwa sababu inaamua matokeo ambayo watu wamelipia tiketi kuyaona. Fiers hakutoa siri ya ndoa ya mtu yeyote.

Na hiyo sheria ya kunyamaza ina historia yake. Miaka mingi vyumba vile vilikuwa na bango ukutani linalomwambia kila anayeingia kwamba anachokiona na kukisikia humo akiache humo. Mwaka 1970 Jim Bouton, aliyewahi kuwa mrushaji wa New York Yankees, alichapisha kitabu kuhusu ulevi, vidonge vya kuchangamsha na maisha halisi ya wachezaji. Kamishna Bowie Kuhn, mkuu wa ligi wakati huo, alimwita ofisini akataka akane aliyoyaandika. Bouton akakataa. Yankees hawakumwalika kwenye siku yao ya wachezaji wa zamani mpaka 1998. Miaka 28! Na vile vidonge vilikuwepo kweli.

Kamishna huyohuyo ndiye aliyemzuia mwandishi Melissa Ludtke kuingia chumba cha wachezaji kwenye fainali za 1977 kwa kuwa ni mwanamke, wakati waandishi wanaume wanaingia na kufanya mahojiano yao. Ilibidi Jaji Constance Baker Motley atoe hukumu mwaka 1978 ndipo mlango wa Yankees ukafunguka. Kila mara tunaambiwa ni heshima ya chumba. Ukichunguza, kuna mtu anafaidika na ule mlango kufungwa.

Mchangiaji, Houston

Mimi naishi huku, na niseme wazi naipenda timu hii. Mwaka 2017 kimbunga Harvey kilizamisha mji mwishoni mwa Agosti. Watu walikuwa bado wanatoa mazulia yaliyooza barabarani timu ilipoanza kucheza mechi za kuwania ubingwa. Ubingwa ule ulitushika mkono wakati mgumu. Kusoma kwamba ulichanganyika na pipa la taka kuliniuma sana, na bado kunaniuma.

Lakini haki iko wapi? Boston walipigwa faini mwaka huohuo wa 2017 kwa kutumia saa ya kidijitali kupitisha ishara. Yankees nao walipigwa faini kwa simu ya kwenye benchi, na barua ya jambo hilo ilikuja kuonekana na umma 2022. Fiers alimulika nyumba moja tu, basi dunia nzima ikaamini mwizi ni mmoja. Wachezaji wetu walizomewa kila uwanja walipokwenda mashabiki waliporuhusiwa kurudi baada ya korona, hata vijana ambao 2017 hawakuwepo kabisa. Hilo ndilo tatizo langu naye.

Mchangiaji, Minnesota

Nimesoma wote na naona hakuna aliyewataja watu wa chini. Niliwahi kufanya kazi ya kuhudumia chumba cha wachezaji kwenye timu ya ligi ndogo, sitaitaja. Mchezo ukiisha saa nne usiku, ndipo siku yetu inaanza. Jezi zinatupwa kwenye toroli, suruali zina udongo mwekundu magotini na kiunoni kwa sababu ya kuteleza kuingia kituoni, na udongo ule hautoki kwa mashine peke yake. Unaloweka, unasugua kwa brashi, ndipo unaingiza. Huku viatu vya njumu vimepangwa mstari vinakusubiri uvikwangue. Chakula cha kesho nacho chako. Unatoka saa nane usiku.

Mshahara ulikuwa mdogo, tuliishi kwa bahashishi za wachezaji. Sasa niambieni, mtu ambaye kodi yake ya nyumba inatoka mfukoni mwa mchezaji atamsemea mchezaji yule kwa nani? Tunaona kila kitu. Tunajua nani anakunywa nini na nani kalala wapi. Tunanyamaza kwa sababu ya tumbo, jamani, heshima ya chumba haihusiki.

Na mambo yakiharibika, sisi ndio wa kwanza. Brian Harkins, msimamizi wa chumba cha timu wageni katika uwanja wa Angels, aliitumikia timu hiyo kwa zaidi ya miaka 30. Alifukuzwa Machi 2020 kwa kuwapa warushaji mchanganyiko wa kunata wa kushikia mpira, uliokatazwa. Warushaji ndio waliokuwa wakimwomba. Yeye alipoteza kazi, wao wakaendelea kurusha. Kwa hiyo mimi Fiers namheshimu kwa jambo moja: alikuwa na jina na mshahara, akavitumia kusema. Wengi wenye jina na mshahara hawakusema.

Mtoa mada

Shukrani sana Minnesota, mchango wako umenigusa kuliko wote.

Nimjibu ndugu wa Mwanza. Unasema angeongea akiwa ndani. Angeongea na nani? Taarifa ya ligi inasema kocha Hinch mwenyewe hakuupenda mpango ule, na aliiharibu skrini mara mbili kuonyesha kutoridhika kwake. Mara mbili! Skrini ikarudishwa, naye hakuwaambia wachezaji waache. Huyo ndiye bosi wa chumba, mwenye mamlaka ya kumweka mtu benchi. Kama kocha mkuu aliona ni rahisi kuvunja skrini kuliko kutamka "acheni", mrushaji ambaye hata kwenye mechi za kuwania ubingwa msimu ule hakupewa mpira angetamka nini?

Pia si kweli kwamba alikaa kimya miaka yote miwili. Alipofika Detroit na Oakland aliwaonya wenzake wapya kuhusu Houston. Maonyo hayo yalibaki humohumo, chumba hadi chumba, na hakuna kilichobadilika mpaka jina lilipotokea The Athletic. Hiyo njia ya ndani mnayoisifu ilijaribiwa, Mwanza.

Ndugu wa Houston, pole, nakuelewa. Ila Boston nao walichunguzwa upya baada ya Fiers, na 2020 mtu wao wa video akafungiwa. Angenyamaza, hata hilo lisingefika mezani.

Mchangiaji, Kampala

Vijana wetu wa Uganda wameanza kuingia kwenye mfumo huo. Umar Male na Ben Serunkuma walisajiliwa na Dodgers 2022. Ndiyo maana nasoma mjadala huu kwa makini. Kijana anayetoka huku, visa yake iko mikononi mwa timu, akiona skrini ukutani afanye nini? Tusimwambie awe Fiers. Atarudishwa nyumbani kesho yake na hakuna atakayeuliza.

Kwangu kosa kubwa lilikuwa la kamishna Rob Manfred. Ligi ilikuwa imetuma waraka Septemba 2017 kwamba wizi wa ishara kwa vifaa ukitokea, meneja mkuu na kocha ndio watakaowajibika. Luhnow hakuufikisha kwa wachezaji, kwa hiyo ligi ikaona ikiwaadhibu wachezaji, chama chao kitashinda rufaa. Sawa, kisheria naelewa. Lakini matokeo yake ni kwamba waliogonga pipa walibaki na pete zao za ubingwa bila adhabu, na aliyetaja pipa akabaki peke yake akirushiwa maneno. Halafu Manfred akaliita kombe la ubingwa "kipande cha chuma", akalazimika kuomba radhi.

Mchangiaji, Mwanza

Hiyo ya Hinch na skrini sina jibu lake, nakiri ni nzito. Lakini Fiers bado sijamsafisha. Na swali la Kampala mmelikwepa wote. Tangu 2022 wadakaji wanatuma ishara kwa kifaa cha kielektroniki, vidole havisomeki tena, sawa. Kesho watabuni wizi mwingine. Kijana wa Kampala ataupeleka kwa nani, ofisi ipi, na nani atahakikisha hajulikani? Mwenye jibu aweke hapa.