Postikadi za michoro kwa chama cha wasomaji Kisumu: karatasi gani, na zichapishwe vipi?

Msomaji wa Milimani

Hamjambo wadau. Chama chetu cha wasomaji hapa Kisumu kina watu 24, na mwezi wa Desemba tunataka kila mmoja apate zawadi ya postikadi 6 zenye michoro. Tunataka ziandikike na kutumwa, si za kutazama tu. Mchoraji tunaye, anatumia wino na rangi ya maji. Tunaomba mtusaidie: ukubwa gani, karatasi gani, na faili ipelekwe dukani ikiwa vipi? Mchoro wa namna gani humgusa mpenda vitabu? Tunaruhusiwa kuweka jalada la kitabu au maneno ya mwandishi? Na je, ile karatasi ya gugumaji inayotengenezwa huku ziwani inafaa?

Mchapaji40100

Karibu, Msomaji. Naanza na karatasi maana hapo ndipo kadi nyingi huharibikia. Ukiingia dukani ukasema tu "kadi ngumu", huenda ukapewa inayong'aa pande zote mbili. Picha itapendeza, ila mgongo hauandikiki: biro inateleza, na wino wa kalamu ya jeli unakaa juu bila kunywewa, ukipitisha kidole unapakaza neno zima. Omba kadi ya gramu 300 (uzito wa mita moja ya mraba) iliyopakwa tabaka la kung'aa upande mmoja tu, au ile kavu isiyopakwa kabisa. Kwa rangi ya maji ningechukua isiyopakwa. Rangi hupoa kidogo, lakini inakaribia karatasi aliyochorea mchoraji wenu. Kabla ya kulipa, omba kipande, andika mstari mmoja kwa biro na mwingine kwa jeli, ngoja sekunde 10, kisha sugua kwa kidole gumba. Ikipaka, achana nayo. Laminesheni msiikubali hata mkipewa bure, kwa sababu haiandikiki.

Ukubwa: A6, yaani milimita 105 kwa 148. Mipaka ya posta kimataifa ni kuanzia 90 kwa 140 hadi 120 kwa 235, kwa hiyo mko salama.

Sasa hesabu ya shiti. Mashine kubwa za leza hutumia shiti ya milimita 320 kwa 450. Mkiweka ukingo wa ziada wa kukatwa (mafundi huuita blidi) wa milimita 3 kila upande, kadi moja inakuwa 111 kwa 154. Nne kwa mbili zinafika 444 kwa 308. Zinaingia, lakini zinabaki milimita 3 tu kila mwisho wa shiti, na mashine nyingi hazichapi hadi huko. Wekeni blidi ya milimita 2: kadi inakuwa 109 kwa 152, jumla 436 kwa 304, na kila kitu kinakaa vizuri. Kwa nukta 300 kwa inchi hiyo ni pikseli 1287 kwa 1795.

Kadi 8 kwa shiti, watu 24, basi kila mchoro ni shiti 3. Michoro 6 ni shiti 18. Chapeni shiti 4 kwa kila mchoro. Shiti moja ikiharibika mnapoteza kadi 8 za mchoro uleule, na kumrudisha fundi awashe mashine kwa shiti moja ni usumbufu na gharama.

Rangi: kioo cha kompyuta hutoa mwanga, karatasi haitoi. Bluu kali na waridi linalowaka ndizo hufifia zaidi zikichapwa. Maandishi madogo yawe ya wino mweusi peke yake. Yakitengenezwa kwa kuchanganya rangi zote nne za mashine, herufi hupata kivuli, kwa sababu rangi hizo haziangukii mahali pamoja barabara. Ombeni shiti moja ya majaribio, muitazame nje mchana, si chini ya taa ya duka.

Kisu na Rula

Nakubaliana na Mchapaji, ila kwenye blidi niongeze. Rangi nzito ikifika hadi ukingoni, unga wa rangi wa mashine ya leza humeguka pale kisu kinapopita, na baada ya wiki kadhaa mkobani ukingo wote umepata madoa meupe. Kwa mchoro wenye usiku au ziwa jeusi, acheni fremu nyeupe kuzunguka picha. Fremu nayo ina adhabu yake: ikiwa ya milimita 3, kisu kikipotoka milimita 1 upande mmoja unabaki 2 na mwingine 4, na jicho linaona mara moja. Fremu ya milimita 7 inameza kosa hilo. Michoro yenye mandhari hafifu ipelekeni hadi ukingoni kwa blidi, yenye giza ipeni fremu.

Mwambieni fundi asikate shiti zote kwa mkupuo. Rundo likiwa nene, kisu husukuma shiti za juu, na kadi za chini hutoka na ukubwa tofauti. Shiti 8 hadi 10 kwa mara moja zinatosha.

Mkutubi wa Nakuru

Mimi nitajibu kuhusu michoro na haki.

Picha ya vitabu vilivyopangwa kando ya kikombe cha kahawa iacheni. Msomaji ameiona mara mia na haimwambii kitu. Kinachomgusa ni mahali ambapo kusoma kunatokea. Mchoreni mwanabodaboda amelala kifudifudi juu ya pikipiki yake kwenye kivuli, kitabu amekiegemeza kwenye mita. Mchoreni mama pwani ya Dunga ameketi ukingoni mwa nyavu zilizotandazwa omena (dagaa wa ziwani), mkono mmoja unafukuza ndege, mwingine umeshika riwaya, na magamba mawili ya fedha yamenata kwenye ukurasa. Muuza vitabu vya mitumba kando ya barabara anayesoma bidhaa yake mwenyewe. Mtoto juu ya mwamba wa Kit Mikayi. Vitu hivi ni vya Kisumu, na aliyehamia mbali atavijua.

Jalada la kitabu msilichape. Mchoro wa jalada una mwenyewe, ama mchoraji ama mchapishaji, na kulichora upya kwa mkono hakuondoi haki hiyo. Hata sura ya mwandishi ikinakiliwa kutoka kwenye picha, mpiga picha ana haki yake. Kwa maandishi, sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda kazi kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mwandishi. Shaaban Robert alifariki 1962, kwa hiyo muda wake hapa Kenya uliisha mwisho wa 2012. Mwandishi Grace Ogot wa huko kwenu alifariki 2015. Maneno yake yanalindwa hadi mwisho wa 2065, basi andikeni kwa mchapishaji kuomba ruhusa. Na hata kazi ambayo muda wake umeisha, michoro iliyoongezwa katika toleo jipya ina haki yake peke yake. Njia rahisi zaidi ni methali, au sentensi aliyoitunga mmoja wenu.

Mgongo wa kadi: gaweni kwa mstari wa wima. Nusu ya kulia ni ya anwani na stempu, msiweke pambo lolote hapo. Kushoto, chini kabisa, kwa herufi za pointi 7: jina la mchoro, jina la mchoraji, mahali, mwaka. Wanaokusanya postikadi hutafuta mstari huo kwanza. Juu ya nafasi ya ujumbe mnaweza kuweka mistari mitatu hafifu: Kitabu, Mwandishi, Ukurasa. Hapo kadi inakuwa ya msomaji kwelikweli, maana mtu anamtumia mwenzake pendekezo la kusoma. Mistari ya anwani iachane milimita 8. Ikibanana, namba ya sanduku hubanwa isisomeke. Na bila sanduku la posta na msimbo (40100 Kisumu, 20100 Nakuru, 50100 Kakamega) kadi haina pa kwenda, kwani barua zetu haziletwi mlangoni.

Wino na Lino

Karatasi ya gugumaji inafaa, lakini si kwa mashine. Leza huyeyusha unga wake kwa joto la karibu nyuzi 200, na karatasi hiyo ina nyuzi ndefu zinazochomoka na unene usio sawa. Itakwama ndani na fundi atakufukuza. Itumieni kwa mchoro mmoja tu kati ya ile sita, uchapwe kwa mkono kwa lino (linoleamu, bamba laini linalochongwa mchoro na kupakwa wino).

Chukueni kipande cha lino cha milimita 3 hivi, kiacheni juani dakika chache kilainike. Choreni kwa penseli kwenye karatasi nyembamba, kisha ilazeni kifudifudi juu ya lino na kusugua mgongo wake. Mchoro unahamia ukiwa umegeuka, na ndivyo unavyotakiwa, hasa kama kuna herufi. Chongeni kuelekea mbali na mkono ulioshika. Wino wa mafuta, kiasi cha kijiko cha chai, tandazeni kwa rola juu ya kioo hadi usikie sauti kama ya mafuta yanayoanza kukaanga. Rola ikinyamaza na kuteleza, wino umezidi, na utaziba mikato yote midogo.

Nyunyizieni karatasi iwe na unyevu kidogo tu, ilazeni juu ya lino, sugueni kwa mgongo wa kijiko cha mbao kwa miduara midogo kutoka katikati kwenda nje. Kabla ya kuinua yote, inueni pembe moja mtazame. Palipofifia rudieni hapo. Tundikeni kwa vibanio vya nguo siku 4 au 5. Rola isafisheni kwa mafuta ya kupikia kwanza, halafu sabuni. Kadi hii ni laini, kwa hiyo ikitumwa iwe ndani ya bahasha.

Msomaji wa Milimani

Asanteni sana, nimenakili yote. Matatu yamebaki. Hatuna skana, tuna simu tu. Na wengine wanataka kadi itumike pia kama alama ya ukurasa. Halafu, tuzifunge vipi?

Mchapaji40100

Simu inatosha mkiwa waangalifu. Mchoraji achore kwa ukubwa wa A5, ili ukipunguzwa kuwa A6 makosa madogo yajifiche. Akumbuke kalamu ya milimita 0.3 itakuwa kama 0.2, basi asitumie nyembamba zaidi ya hiyo. Lazeni mchoro mezani kwenye kivuli cha nje, saa nne asubuhi hivi, simu iwe juu yake sambamba kabisa. Ikiinama, mchoro unakuwa mpana upande mmoja. Faili msitume kwa WhatsApp kama picha, maana huibana na mistari inakuwa ukungu. Tumeni kama dokumenti, au pelekeni kwenye flashi, iwe PDF.

Kwa alama ya ukurasa gramu 300 ni nene. Ikiachwa muda mrefu kwenye kitabu kilichogundishwa mgongo kwa gamu, inakaza gundi hadi kurasa zinaachia. Chapeni mchoro mmoja kwenye gramu 200, mwembamba, kwa kazi hiyo peke yake.

Mkutubi wa Nakuru

Kufunga: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, kwa hiyo msiwazie ile mifuko angavu. Mpira nao huacha alama kwenye kingo, na ukikaa kwenye joto hunata. Kateni karatasi ya kaki ya A4 kwa urefu, vipande vya upana wa milimita 30. Mnapata 7 kwa kila karatasi, basi karatasi 4 zinawatosha. Zungusheni kipande kwenye upana wa kadi: kinahitaji kama milimita 230 pamoja na sehemu ya kupandiana. Gundi ipakwe kaki juu ya kaki tu, isiguse kadi.