Filamu ya Jumamosi: Gumzo la Majirani wa Uyole

Balozi wa nyumba kumi, 12:40 jioni
Ndugu majirani, habari za jioni. Jumamosi saa 1:00 usiku tutaonyesha filamu kwenye uwanja wa shule ya msingi, juu ya ukuta mweupe wa darasa la mwisho. Inahusu familia za Bonde la Ufa nchini Kenya zilizoyakimbia makazi yao baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, katika machafuko yaliyoua watu zaidi ya 1,100 na kuwaacha mamia ya maelfu bila makao. Kila mtu aje na kiti na blanketi, maana baridi ya Juni tunaijua.

Bibi wa genge, 12:52 jioni
Asante, mwanangu Balozi. Naulizia watoto. Nakumbuka tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Kama hayo yanaonyeshwa, mjukuu wangu wa miaka saba hatakuja.

Mwalimu, 1:05 usiku
Shikamoo, bibi. Nimeitazama yote mara mbili. Moto hauonyeshwi, mama mmoja analitaja kanisa hilo kwa maneno machache, kisha ananyamaza, na kwangu mimi ukimya ule ulikuwa mzito kuliko picha yoyote. Sehemu kubwa ni maisha ya kambini katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru: foleni ya maji, unga unaopimwa kwa kikombe, na mzee mwenye kisukari ambaye dawa zake zilibaki ndani ya nyumba asiyoweza kuirudia. Hata hivyo, nashauri walio chini ya miaka 12 wabaki nyumbani.

Bibi wa genge, 1:09 usiku
Marahaba. Basi atabaki na shangazi yake.

Balozi wa nyumba kumi, 1:20 usiku
Wakati ule sisi tulifuatilia kwa redio. Makubaliano ya kumaliza machafuko hayo yalipotiwa saini Nairobi tarehe 28 Februari 2008 mbele ya msuluhishi Kofi Annan, Rais wetu Jakaya Kikwete alikuwapo akiwa Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, nasi tulijivuna. Lakini redio ilitueleza habari za viongozi tu. Waliokuwa wakipika kwenye mafiga ya kambini hatukuwasikia. Ndiyo maana namwomba mzee wetu dereva, aliyekuwa huko, azungumze baada ya filamu.

Mzee dereva, 1:48 usiku
Balozi, nimekusoma, nami nimechelewa kujibu kwa sababu jambo hili silizungumzi hata nyumbani. Nilikuwa utingo wa lori la vitunguu lililopita Namanga na kukwama Nairobi, na mzigo ukaoza kwenye soko la Marikiti huku watu wa mitaa ya jirani wakikosa cha kutia sufuriani, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuvuka barabara kuja kununua. Siku ya nne tulisimamishwa na vijana waliotaka vitambulisho ili walijue kabila la mtu kwa jina lake. Mimi niliachwa nilipofungua kinywa, wakasema huyu ni Mtanzania. Aliyekuwa nyuma yangu alishushwa, na hadi leo sijui alifikishwa wapi. Nikisimama mbele ya watu nitaulizwa habari zake, nami sina jibu.

Bibi wa genge, 1:55 usiku
Pole sana, baba. Tafadhali asilazimishwe. Njoo tu utazame pamoja nasi.

Balozi wa nyumba kumi, 1:58 usiku
Nimekosea kukutaja hapa kabla ya kuja kwako, mzee wangu. Naomba radhi. Hakutakuwa na msemaji. Atakayetaka kusema atasema akiwa ameketi.

Mzee dereva, 2:10 usiku
Nitakuja. Nitakaa nyuma kabisa, karibu na jenereta.

Kijana wa projekta, 2:13 usiku
Shikamoo, mzee. Jenereta lina kelele, kwa hiyo nitalipeleka nyuma ya jiko la shule, nawe utapata nafasi ya pembeni ambapo sauti inasikika vizuri.