Nimepita mradi wa mazingira, posho 180,000 kwa mwezi. Niache dagaa?

DadaWaKichanja
Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili, wengine mambo vipi. Msaada kwenye tuta.

Niko Kayenze, Ilemela, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, miaka 26, mtoto mmoja. Naanika dagaa, nina vichanja vitatu na mtaji wa kuungaunga. Juzi mtendaji kanipigia, jina langu limepita kwenye mradi wa mazingira unaoanza mwezi wa kumi. Tuko vijana ishirini, miezi 11. Kazi ni kitalu cha miche, kupanda miti mlimani, kurudisha matete na mafunjo ufukweni, na kupita kwa watu kuelimisha kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Siku tano kwa wiki, saa moja na nusu asubuhi mpaka saa nane mchana.

Hiyo 180,000 giza likiwa zuri (zile siku zisizo na mbalamwezi, dagaa wanapovuliwa kwa taa) naipata kwa wiki mbili. Shida ni hilo neno "likiwa". Mwezi wa tano mwaka huu, nikijua masika yanaaga, ilinyesha siku tatu mfululizo dagaa wakiwa juu ya vichanja. Turubai moja, vichanja vitatu, fanyeni hesabu wenyewe. Ndoo kumi na nne zikanuka. Niliwauza kama chakula cha kuku, bei sitaki hata kuiandika hapa. Kwa hiyo mtu akiniambia tabianchi mimi sikumbuki redio, nakumbuka deni la dukani ambalo bado nalilipa.

Nataka kujua: posho zinakuja kweli? Vyote viwili vinashikika? Na kuna hili linaloninyima usingizi. Mama mdogo ana bustani ya nyanya kando kabisa ya maji. Ndiyo inayomsomeshea watoto. Mradi ukianza, mimi ndiye nitakayemwambia aondoke?

NgoshaWaIgoma
Chukua hela dada. Hii miradi siku ya uzinduzi kuna fulana, kofia na maji ya chupa, wiki ya pili mnabaki sita. Miche iliyopandwa huku kwetu kwa mbwembwe na kamera saa hizi ni vijiti vya kukaushia soksi.

FundiKitalu
Ngosha unachekesha ila husemi uongo. Dada, mimi nilitumikia mradi wa namna hiyo miezi kumi, upande wa Magu. Nikueleze nilivyouona.

Posho. Miezi miwili ya kwanza iliingia kwenye simu tarehe tano bila kosa. Wa tatu ikakwama wiki saba, tukaambiwa "mchakato". Ilikuja yote kwa mkupuo, lakini wiki saba ni nyingi kwa mtu mwenye mtoto. Uliza kabisa kama inalipwa kwa mwezi au kwa siku ulizosaini daftari. Mimi nililala na malaria siku nne, wakakata nne. Halafu isome karatasi kabla ya kusaini: imeandikwa mkataba wa ajira au makubaliano ya kujitolea? Ukiwa mwajiriwa kuna michango ya NSSF, na ukiumia kazini kuna mfuko wa fidia. Ukiwa wa kujitolea, panga likikukata mguu unabaki na "pole sana". Sisi tulikuwa wa kujitolea, na nililijua hilo siku mwenzetu alipokanyaga chupa.

Pili, na hili hakuna atakayekuambia siku ya semina: kichocho. Kurudisha mafunjo maana yake unasimama kwenye maji ya magotini, katikati ya majani, mahali wanapokaa konokono wanaokieneza. Dai buti ndefu za mpira mapema. Sisi tulipewa glovu za bustani! Baada ya miezi mitano nilikuwa natoka damu chooni, nikadhani ni bawasiri, nikaificha kwa aibu. Zahanati wakapima, kichocho cha tumbo. Vidonge nikavimeza siku moja tu, yakaisha. Ila vinaua minyoo ya kichocho iliyokomaa, havikukingi usipate tena, na wewe kesho unarudi majini.

Kitalu ndipo nilipopenda kazi. Kuchanganya udongo wa juu, mchanga na samadi, kujaza viriba (vile vifuko vya miche), kutega kivuli, kumwagilia asubuhi na jioni. Na kuviinua viriba kila baada ya muda ukate mizizi iliyopenya chini, la sivyo siku ya kuhamisha mche unaacha nusu ya mizizi kitaluni. Mzee aliyetufundisha alikuwa hajui kuandika, lakini akishika mche anakuambia ulimwagiliwa lini.

Kilichotuua ni kalenda. Huku kwetu mche ukiingia ardhini mwezi wa kumi na moja unapata vuli, unavuka, unapata na masika, kiangazi kinaukuta umeshika. Sisi fedha ya kuhamishia ilitoka mwezi wa nne mwishoni. Tukapanda, tukapigwa picha, mvua ikakata mwezi wa tano. Mwezi wa nane nilikwenda kwa miguu yangu kuhesabu fungu langu. Katika miche 400 niliikuta 61. Mingine jua, mingine mbuzi. Na hiyo 61 karibu yote ilikuwa chini ya nyumba ya mama mmoja aliyekuwa anaimwagia maji ya kuoshea vyombo. Yeye hakuwa kwenye mradi. Hakulipwa hata mia.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mtendaji siyo posho tu. Muulize miche inatoka kitaluni mwezi gani, na nani anamwagilia mkataba ukiisha. Akibabaika, nenda ukijua unachokwenda kufanya.

La mama mdogo nimwachie anayeijua zaidi pwani ya ziwa.

MamaNtilie_Mwaloni
Vyote viwili vinashikika ila si kwa mikono yako. Mitumbwi inarudi alfajiri, dagaa wanataka kuanikwa jua linapotoka, na wewe saa moja na nusu uko kitaluni. Mtafute mtu wa kugawana naye, wewe mtaji yeye jua. Siku za mbalamwezi si mnapumzika wote? Na hiyo posho ya kwanza, tafadhali, nunua turubai mbili.

MzeeWaKarabai
Marahaba binti. Nimevua tangu enzi za karabai, sasa vijana wanatumia taa za sola, nami nimebaki kushona nyavu.

Hiyo bustani: sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inasema mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, hakuna shughuli ya kudumu. Huyo mama hata bila mradi wenu yumo ndani. Lakini usimwendee na sheria mkononi. Kwetu walikuja vijana na fulana zao, neno la kwanza "mnavunja sheria", wakafukuzwa na mbwa. Aliyefanikiwa alikuwa kijana mmoja aliyemwomba jirani yangu aache matuta mawili ya mwisho yaote matete. Matuta mawili tu. Masika yalipokuja udongo wa jirani haukushuka majini kama miaka yote, mbolea yake ikabaki shambani. Mwaka uliofuata akaacha mengine manne mwenyewe. Mita 60 hazijafika, lakini sato wanakuja kuzaliana pale kwenye matete, nawaona.

Na jambo jingine, kwa kuwa mtakwenda kuelimisha. Msiwaambie watu wazima kwamba ziwa linakauka. Mwaka 2006 maji yalishuka mpaka mitumbwi ikakaa kwenye tope. Mwaka 2020 yakapanda mpaka vyoo vikazama, na baba yangu aliwahi kutuonyesha alama ya 1964 kwenye mwamba, nayo ilikuwa juu. Ziwa hili linakula mvua inayoanguka juu yake lenyewe kuliko mito yote ikijumlishwa. Mvua ikivurugika, nalo linavurugika, kupanda na kushuka. Semeni hivyo, wazee watawasikiliza. Mkisema linakauka, mwaka likiingia ndani ya nyumba watawauliza mlisoma wapi.

NgoshaWaIgoma
Mzee umenimaliza. Nafuta ya soksi.

DadaWaKichanja
Asanteni sana, na marahaba yako mzee nimeipokea. Mrejesho kidogo.

Nimekwenda kwa mtendaji. Karatasi ni ya kujitolea, FundiKitalu ulijuaje. Buti zimo kwenye orodha ya vifaa, ila "zitafuata". Miche inatoka kitaluni mwezi wa kumi na moja kama kila kitu kitakwenda sawa. Nimemwomba anionyeshe ilipoandikwa, akanionyesha, nimepiga picha. La nani atamwagilia baada ya miezi 11 alicheka, akasema "jamii". Nikamwambia jamii ndiyo mimi, akaacha kucheka.

Nimesaini. Dagaa nimemwachia mdogo wangu, tunagawana nusu kwa nusu, na turubai moja tayari nimekopa.

Jana jioni nikaenda kwa mama mdogo na kamba ya nyavu ya mume wake. Nikamwambia shika huku. Kutoka majini mpaka tuta la kwanza ni mita 24. Hakuuliza napima nini, nadhani alijua. Alikunja kamba taratibu, akanipa nyanya kwenye upande wa kanga, akaniuliza: "Na hayo matete yakiota kwangu, posho tunagawana?"

Sijamjibu bado. Mwenye jibu aniandikie.

MzeeWaKarabai
Mwambie atapata sato. Halafu umsaidie kuhamisha pampu.