Tupeane uzoefu: ulivuka mpaka wa Kenya na Tanzania mwaka gani, chenji ilikuwa ngapi?

Mjukuu wa Holili
Wakuu, habari za jioni. Tumemzika babu wiki iliyopita, na mimi nimekabidhiwa daftari lake la madeni. Alikuwa akiuza mbuzi na ng'ombe, minada ya huku Tanzania na ya Taveta, upande wa Kenya. Kilichonishika ni hiki: hadi 1976 anaandika "Shs." tu. Mteja wa Himo Shs. 60/-, mteja wa Taveta Shs. 60/-, hasemi ni za nani. Daftari linaruka miaka, na kuanzia 1984 kila mstari una herufi pembeni, K au T.

Nilijua enzi za ukoloni shilingi ilikuwa moja. Sikujua kwamba hata baada ya 1966, kila nchi ilipotoa noti zake, zilianza sawa kwa sawa na zikaenda pamoja miaka kumi. Mwaka 1976 dola moja ilikuwa kama shilingi 8.40, Nairobi na Dar es Salaam vilevile. Leo ya Kenya moja ni karibu ishirini za kwetu.

Naomba kila mtu aseme lake. Ulivuka lini, ulipewa ngapi, na ilikufikisha wapi? Wazee hasa, msipite kimya.

Fundi wa Reli
Poleni na msiba, mjukuu. Nilikuwa karakana ya reli Moshi, wakati shirika ni moja la Afrika Mashariki. Treni ya Voi ilikuwa yetu, mke wangu kwao Taveta, na mshahara wangu ulinunua kitu kilekile pande zote. Februari 1977 mpaka ukafungwa, mwaka huohuo Jumuiya ikavunjika. Shemeji zangu nikawaona tena baada ya Novemba 1983, mpaka ulipofunguliwa.

Hapo ndipo nilipojua habari ya reti. Ukifuata ya serikali mwaka ule, shilingi yetu ilikuwa na nguvu kuliko ya Kenya: dola kama 11 kwetu, kama 13 kwao. Nenda sasa kwa mtu wa chenji pale njiani! Mimi mwenyewe Desemba ile nilitoa mia tano ya Tanzania nikapewa mia moja ya Kenya, na nilishukuru, maana huku duka la ushirika lilikuwa rafu tupu. Nilirudi na mafuta ya kupikia ya Kimbo, sabuni na dawa ya meno. Watoto walilamba ile dawa ya meno.

Mwaka 1986 serikali ikaishusha shilingi, dola ikatoka 17 ikawa 40, na kabla ya mwaka kwisha ikapita 50. Watu wakalia kwamba pesa imeanguka siku ile. Siyo. Ilikuwa imeanguka siku nyingi, sisi wa mpakani tulishaijua bei yake.

Mjukuu wa Holili
Shikamoo mzee. Kumbe ndiyo maana 1984 babu akaanza kuweka K na T.

Mama Vitunguu
Mimi wa juzi tu. Napeleka vitunguu vya Mang'ola Nairobi kupitia Namanga, nalipwa za Kenya. Januari 2024 dola Kenya ilifika 160, shilingi yao ikawa hoi. Nilikuwa na laki mbili na arobaini za Kenya mkononi, wakulima wananidai, lori linadai. Nikachenji kwa 15.5 za kwetu kwa kila moja ya Kenya. Nikapata milioni tatu na laki saba na ishirini.

Februari Kenya ikakopa upya nje, dola bilioni moja na nusu, ili ipunguze ule mkopo mkubwa uliokuwa unaiva Juni. Wasiwasi ukaisha na shilingi yao ikapanda kama moshi. Mwisho wa Machi nikachenji kwa 19.3. Pigeni hesabu: pesa ileile ingenipa zaidi ya milioni nne na laki sita. Laki tisa zimekwenda, na sikukosea kwenye vitunguu, havikuoza hata gunia moja. Nililia, jamani. Siku hizi sichenji zote kwa mara moja. Nachenji za wakulima na lori, nyingine naziacha za Kenya mpaka safari inayofuata, nanunulia mbegu na dawa hukohuko.

Mwanafunzi wa zamani
Kwangu ilikuwa neema. Nilisoma Nairobi, ada elfu sitini za Kenya kwa muhula. Januari 2011 baba alilipa kwa 18.5. Oktoba shilingi ya Kenya ikaporomoka, dola ikapita mia moja, akalipa kwa 16.5. Ile laki na ishirini ya Tanzania iliyobaki ndiyo ilinunua godoro langu na koti. Wenzangu Wakenya walikuwa wanalia bei ya unga na mafuta, na mimi niliona vibaya kufurahi mbele yao.

Bibi harusi wa Lunga Lunga
Mie niliolewa Tanga. Shida yetu haikuwa reti, ilikuwa neno "elfu". Mjomba kutoka Mombasa kasimama mbele za watu, kaahidi elfu hamsini. Wenyeji wakahesabu za Tanzania, yaani kama elfu mbili na mia tano za Kenya! Wakanuna kimyakimya. Alipotoa bahasha kesho yake ndipo nyuso zikafunguka. Tangu siku ile, kwetu mtu akitaja pesa ataja na nchi.

Konda Sirari
Angalizo kwa wanaosafiri: usimpe mtu noti zako kabla hujahesabu zake kwa mkono wako. Mimi nilikunjiwa noti katikati, moja ikahesabika mara mbili. Na ulizia reti ukiwa bado ndani ya basi.

Fundi wa Reli
Mjukuu, hebu niambie. Kuna deni la Taveta lililokuwa bado wazi siku mpaka ulipofungwa? Babu yako alilikokotoa vipi?

Mjukuu wa Holili
Lipo moja, mzee, nimelitafuta sasa hivi. Desemba 1976, mbuzi watatu, Shs. 180/-, bila herufi. Limekatwa kwa wino mwekundu, Machi 1984. Pembeni ameandika: "Kaleta mbuzi watatu."