Waosha magari wa Mombasa, pikipiki si gari! Mlikuwa mniue

Nimekasirika na sitaficha. Leo siku ya tatu pikipiki yangu iko kwa fundi, gurudumu la mbele limevuliwa, na aliyeiharibu si barabara. Walioiharibu ni watu niliowalipa waioshe.

Nilikuwa natoka safari ya siku tano. Mombasa, Voi, Taveta, nikapanda Loitokitok, nikarudi kwa Emali na barabara kuu. Zaidi ya kilomita 800. Aliyepita kule ajua pikipiki hurudi na rangi gani: vumbi jekundu limejaa hadi chini ya tangi, wadudu wamekaukia kwenye taa, cheni imevaa udongo na mafuta hadi haitambulikani. Kwa kawaida naosha mwenyewe. Siku ile mgongo ulikataa, nikapita pahali pa kuoshea magari hapa kisiwani. Shilingi 300.

Nilizima injini mbele yao. Nikamwambia kijana, "Ngoja kwanza ipoe, nusu saa tu." Nikavuka barabara kununua maji ya kunywa. Narudi, mashine ya presha inanguruma na mvuke umetanda juu ya injini! Chuma kilichochemka tangu Mtito Andei kikimwagiwa maji baridi ghafla hunywea kwa nguvu, na mivujo ya mafuta mara nyingi huanzia hapo. Silensa hawakuiziba hata kwa kitambaa. Na ile bomba ameielekeza katikati ya gurudumu, shubiri moja tu, pale penye beringi. Sili za pale, vile vizibo vya mpira, zimetengenezwa kuzuia mvua, hazikutengenezwa kuzuia presha ya kung'oa tope la lori. Nikapiga kelele. Akanijibu, "Tulia bosi, zote twaosha hivi."

Kisha maji yenyewe. Yalinirukia mdomoni nikayatambua: ya kisima, chumvi tupu. Mwenyeji yeyote wa kisiwani ayajua, chai haipikiki nayo. Mimi natoka upande wa Mzima, yanakotoka maji matamu tunayoyapigania kwa mitungi mji huu, naja kuogeshewa pikipiki kwa chumvi na kuachwa ikauke juani bila kusuuzwa. Hewa ya bahari pekee yatosha kula chuma hapa. Kesho yake asubuhi spoku na kila bolti ilikuwa na kutu ya rangi ya chungwa.

Cheni ndiyo iliyoniuma zaidi. Ilikuwa mpya, haijamaliza kilomita 4,000. Cheni hizi zina vipete vya mpira ndani, vimefungia grisi kwenye pini, na vipete vile vikifa cheni imekufa. Dawa yake ni mafuta taa kidogo, brashi laini, kupangusa, kisha mafuta ya cheni. Wao wakachukua petroli na brashi ya waya! Wakasugua hadi ikang'aa kama mkufu, wakaiacha kavu bila tone la mafuta. Nilikuwa kaunta nalipa. Nilipoona, tayari.

Haya yote ningeyameza. La mwisho siwezi kulimeza.

Walipaka matairi ile dawa ya kung'arisha. Kwenye gari hupakwa ubavuni na gari lina magurudumu manne. Kwenye pikipiki, tairi lina mviringo na unalala nalo kwenye kona, kwa hivyo ile dawa iliyopakwa ovyo inakuwa ndiyo unayoikanyagia. Na ilirukia diski ya breki ya mbele. Mimi sikujua. Nikatoka Buxton, nikavuka daraja la Nyali, nikiteremka kuelekea Kongowea matatu mbele yangu ikasimama kuchukua abiria. Nikashika breki. Hakuna kitu. Mkono umefika mwisho na pikipiki yateleza tu. Niliponea kushoto, kati ya matatu na mama aliyebeba ndoo ya samaki, na hadi sasa nikifunga macho namwona yule mama. Ningemgonga ningesema nini? Kwamba pikipiki yangu ilikuwa inang'aa?

Fundi amefungua. Pedi za breki zimenyonya mafuta, hazifai tena. Grisi ya beringi imekuwa nyeupe kama tui. Pedi, beringi, cheni na sproketi zake: 8,700, kazi mbali.

Nilirudi pale na zile pedi mkononi. Msimamizi, mtu mzima wa rika la babangu, nikamwamkia vizuri, nikamweleza. Akaniambia, "Mwanangu, ulikuja na pikipiki chafu, ukaondoka na safi. Wadai nini?" Hakuzitazama hata pedi. Mzee, nadai pesa za pedi. Na nadai yule kijana afundishwe, kwa sababu watu wa bodaboda wanapanga foleni pale kila jioni na kila mmoja anabeba abiria nyuma.

Kama umeosha huko karibuni, kabla ya kuingia barabarani pangusa diski kwa spiriti na kitambaa safi, zungusha magurudumu usikilize mkwaruzo, ujaribu breki ukienda polepole.

Na kama kuna mtu Nyali, Bamburi au Kisauni anayeosha kwa ndoo, sponji na maji matamu, niambieni alipo. Niko tayari kulipa 600. Jumapili nashuka Lunga Lunga.