Tupeane uzoefu: "in", "on" na "at" zimekukwamisha wapi?

Mtembeza Wageni (Kibokoni)
Wanajamvi, salaam. Kazi yangu ni kuwatembeza wageni Mji wa Kale, Mombasa, na vijineno hivi vitatu vya Kiingereza vimenisumbua kuliko msamiati wowote. Mwaka wangu wa kwanza nilimwambia mgeni mmoja, mzee wa makamo ya babu yangu: "Put your bag on the car." Nilimaanisha autie garini. Kugeuka namkuta amejinyoosha, mikono yatetemeka, ausukuma mkoba juu ya keria. Niliumia sana. Kwetu ukisema "garini" umemaliza. Wenzangu yamewakuta yapi?

Mama Kisauni
Yangu yalitokana na ujumbe wa simu. Mtoto alishikwa na homa, nikampeleka kwa daktari, nikamwandikia msimamizi wangu: "I am in hospital." Kwa Kiingereza cha Waingereza, nacho ndicho tulichosomeshwa, hapo nimesema nimelazwa! Jioni wenzangu wa kazini wakabisha hodi na matunda na mchango wa pesa, nami niko jikoni napika. Pesa niliwarudishia zote, lakini wiki nzima sikuweza kuwatazama machoni. Ilitakiwa "at the hospital", yaani nipo pale, basi.

Mwalimu wa Majengo
Poleni. Nasomesha lugha zote mbili, na nawaomba msiseme Kiswahili hakina mambo haya. Kinayo, ila kimeyaweka kwingine. Sisi hutia "-ni" mwishoni mwa nomino, kisha upambanuzi tukauachia upatanisho: nyumbani pale, nyumbani kule, nyumbani mle. PA ni mahali dhahiri, KU ni eneo lisilo na mpaka, MU ni ndani. Wanafunzi wangu huwaanzishia hapo. Ukiweza kusema "mle", jaribu "in" kwanza.

Kazi iko kwenye PA, kwa sababu PA yetu hubeba mizigo miwili. "Mezani pana kitabu": kitabu kimekalia uso wa meza, kwa hiyo "on the table". "Wapo mezani wanakula": hawakuipanda meza, kwa hiyo "at the table". Basi jiulize, je, kitu kimegusa uso wa kingine? Kikigusa ni "on", hata kama uso wenyewe umesimama wima au uko juu ya kichwa chako. Picha iko "on the wall", na mjusi aliyeng'ang'ania dari yuko "on the ceiling".

Kijana wa Likoni
Shukran mwalimu. Na vyombo vya usafiri je? Hapo MU hainisaidii, maana basini pia niko ndani.

Baharia Mstaafu
Nilivyofunzwa melini, mwanangu: chombo unachoweza kusimama na kutembea humo ni "on". Meli, feri, treni, ndege, basi. Unachoinama kuingia ukaketi tu ni "in": gari dogo, teksi, tuktuk, mtumbwi. Ukivuka na gari lako na mtu akakupigia simu, mjibu: "I'm in the car, on the ferry, at Likoni." Zote tatu, kila moja na kazi yake.

Mtembeza Wageni (Kibokoni)
Na barabara? Mgeni huyu husema "in", yule "on".

Mwalimu wa Majengo
Mwingereza amezoea "in the street", Mmarekani "on the street". Sema "on Moi Avenue" usiwe na wasiwasi. Ukitaja nambari ya nyumba, ni "at".

Mama Kisauni
Na baharini, mzee wetu?

Baharia Mstaafu
Watoto wanaoogelea wako "in the sea". Mimi miaka yote ile nilikuwa "at sea", bila "the": niko safarini, kazini. Siku moja mke wangu alikwenda ofisi fulani mjini kufuatilia karatasi, akaulizwa mumewe yuko wapi. Akajibu, "He is in the sea." Karani akaweka kalamu chini, akasimama, akampa mkono wa pole.